Shilingi Tano za Mama

Usiku wa leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya fedha, wala si fedha ya biashara, wala ya kodi, bali ni ile ambayo Serikali huwapa wazazi kwa sababu tu wana watoto wa kulea. Kwa masikio ya wengi jambo hili ni geni. Tumezoea kuiona Serikali ikipokea. Kuiona ikitoa, tena kila juma, tena bila ya kuuliza umefanya kazi gani, hilo humfanya mtu asogeze kiti karibu asikilize.

Katika chuo chetu cha ualimu huwapa wanafunzi swali hili. Walimu wawili wamehitimu mwaka mmoja, wana cheti kimoja, nao wapata mshahara mmoja. Wa kwanza akaa peke yake. Wa pili ana mke na watoto sita. Je, watu hawa walipwa sawasawa? Nusu ya darasa hujibu ndiyo, nusu hujibu sivyo, kisha hugombana mpaka kengele ilie. Kwa kweli pande zote mbili zina haki. Mshahara hufuata kazi, haufuati vinywa. Tajiri anunua nguvu za mtu na akili zake, naye hana habari kama jioni sufuria ya mtu huyo itapakuliwa sahani mbili au nane.

Tulipokuwa tukifundisha shule ya kijijini, miaka mingi iliyopita, tulikuwa na wavulana wawili, ndugu wa tumbo moja. Kwa muda wa miezi mitatu hatukuwaona darasani pamoja hata siku moja. Leo aja mkubwa, kesho aja mdogo. Tukadhani ni utoro, tukawachapa. Ndipo siku moja mama yao alipokuja kutueleza, kwa sauti ndogo sana, ya kuwa watoto wale walikuwa na kaptula moja. Baba yao hakuwa mvivu wala mlevi. Alikwenda kazini kila siku, ila alikuwa na watoto wanane. Fimbo zile twazikumbuka hata leo.

Basi wako watu walioliona jambo hili zamani wakalifanyia hesabu. Mwaka 1899, katika mji wa York huko Uingereza, Bwana Seebohm Rowntree, wa jamaa ya watengenezaji wa chokoleti, alichungua maisha ya watu wa kazi, nyumba kwa nyumba. Akatambua ya kuwa mtu maskini hupita katika mabonde matatu: utotoni mwake, wakati wa kulea watoto wake wadogo, na uzeeni. Kati ya mabonde hayo hupanda kidogo akapumua. Angalieni, basi: mtoto na baba yake wamo katika bonde moja wakati mmoja, na mtoto ndiye asiyeweza kungoja, maana mifupa yake yaota sasa.

Aliyelishika neno hili kwa mikono miwili alikuwa mwanamke, Bibi Eleanor Rathbone, aliyezaliwa mwaka 1872. Hakuolewa, wala hakuzaa. Katika Vita Kuu ya kwanza alifanya kazi mjini Liverpool ya kuwahudumia wake wa askari na mabaharia. Wakati huo Serikali iliwapa wake wa askari posho mikononi mwao wenyewe, nayo iliongezeka kwa kadiri ya hesabu ya watoto. Kwa wengi wao, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha ambayo hawakuiomba kwa mume. Bibi Rathbone akaona jinsi fedha ile ilivyowafaa watoto, akajiuliza: ikiwa jambo hili lawezekana wakati wa vita, kwa nini lisiwezekane wakati wa amani? Mwaka 1924 akatoa kitabu, na mwaka 1929 akaingia Bungeni, asiwe wa chama chochote.

Msidhani alisikilizwa upesi. Wengine walisema baba atalegea, akiona Serikali inamlishia watoto. Vyama vya wafanyakazi navyo viliogopa matajiri wasije wakasema, “Serikali imekwisha kuwasaidia, sisi na tupunguze mishahara.” Hofu hii haikuwa ya kijinga, nasi twawaheshimu walioisema, maana mfanyakazi aliyekwisha kuumwa na nyoka hushtuka aonapo ukamba. Nchi nyingine zikatangulia. New Zealand ilitunga sheria yake mwaka 1926, ingawa kwa maskini tu. Ubelgiji mwaka 1930. Ufaransa mwaka 1932. Uingereza ilingoja mpaka vita vya pili. Mwezi wa Desemba 1942 ilitoka taarifa mashuhuri ya Bwana William Beveridge, ambayo iliiona posho ya watoto kuwa mojawapo ya misingi ya nyumba yote aliyotaka kuijenga.

Mwaka 1945 muswada ukaletwa Bungeni. Lakini tazameni kilichokuwamo: fedha ile iwe mali ya baba! Bibi Rathbone, aliyeipigania kwa zaidi ya miaka ishirini, akasimama akasema kwamba ikibaki hivyo yeye mwenyewe ataukataa muswada huo. Hebu fikirini. Mtu amelima shamba miaka ishirini, na siku ya mavuno asema, kama mazao hayaingii ghala ile, heri yasivunwe. Wabunge wakaachiwa kupiga kura kila mtu kwa nia yake, na sheria ikageuzwa, fedha ikawa ya mama. Sheria ilipitishwa mwezi wa Juni 1945. Bibi Rathbone akafa tarehe 2 Januari 1946, na malipo ya kwanza yakatolewa tarehe 6 Agosti mwaka uo huo. Miezi saba tu!

Sasa ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Posho ilikuwa shilingi 5 kwa juma kwa kila mtoto, ila mtoto wa kwanza hakuhesabiwa, maana walisema mshahara wa baba watosha kumlea mmoja. (Bwana Beveridge alikuwa ametaja shilingi 8, lakini huo ndio mwendo wa mabaraza.) Mama mwenye watoto wanne alipokea basi shilingi 15 kwa juma, na kwa majuma 52, shilingi 780, yaani pauni 39. Siku hizo shilingi yetu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa sawa kwa thamani na yao, ila yetu iligawanyika kwa senti 100 na yao kwa peni 12. Mchimba makaa wa mawe afanyaye kazi chini ya ardhi alikuwa amewekewa tangu 1944 mshahara usiopungua pauni 5 kwa juma, yaani shilingi 100. Wekeni 15 juu ya 100 hiyo. Haimtajirishi mtu, lakini ni maziwa, ni viatu, ni kaptula ya pili.

Mama alipewa kitabu cha hati, akaenda nacho posta, karani akapiga muhuri, akamhesabia. Hakuna aliyemwuliza habari za mumewe wala kuchungulia jikoni mwake. Mke wa daktari na mke wa mchukuzi walisimama katika mstari mmoja.

Huenda msikilizaji mmoja auliza, “Mwalimu, baba au mama, yote si nyumba moja?” Sisi nasi tulidhani hivyo. Lakini jibu lilipatikana Uingereza kwenyewe. Mpaka miaka ya sabini baba wa watoto alikuwa akipunguziwa kodi ya mapato, na nafuu ile ilionekana katika mshahara wake. Kuanzia mwaka 1977 hata 1979 nafuu hiyo iliondolewa, ikaunganishwa na posho ya zamani, na yote akalipwa mama, tena mtoto wa kwanza naye akahesabiwa. Mwaka 1976 Serikali ilikuwa imesita, kwa kuogopa hasira ya wanaume watakapoona mshahara umepungua. Basi wataalamu watatu wa elimu ya uchumi, Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales, wakalinganisha matumizi ya nyumba kabla na baada ya badiliko lile, na mwaka 1997 wakachapa waliyoyaona. Nyumba zilikuwa zikinunua nguo za wanawake na za watoto zaidi kuliko zamani, zikilinganishwa na nguo za wanaume. Sheria haikumwamuru mtu anunue nini. Fedha ilihama mfuko tu.

Posho hiyo yaendelea Uingereza hata leo, ingawa tangu 2013 mzazi mwenye mapato makubwa hutozwa kodi inayoirudisha, yote au sehemu yake.

Na huku kwetu? Kenya ilianza mwaka 2004 kuzipa fedha nyumba zinazolea yatima na watoto walio katika hali ngumu. Tanzania, kwa njia ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ilianza mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini, na wapokeaji wengi ni wanawake. Sehemu ya fedha yake ilifungwa na masharti, kwamba mtoto ahudhurie shule na mdogo apelekwe kliniki. Sisi walimu hatuwezi kulichukia sharti hilo, maana daftari la mahudhurio limekuwa na thamani machoni pa wazazi.

Lakini iko tofauti moja inayotukalisha macho. Kule mama alihesabiwa watoto wake, basi. Huku fedha haiwatoshi wote, kwa hiyo lazima maskini wachaguliwe, na kijiji hukutana katika mkutano wake kuwataja. Yule mama wa kaptula moja alitueleza sisi peke yetu, nyuma ya darasa, akitazama chini. Hatujui kama angalikubali kusimama jina lake lisomwe mbele ya majirani wote, hata kwa ajili ya wanawe wanane.