Nani Ahesabiwe Msemaji wa Kifaransa?



Taarifa ya Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazotumia Kifaransa ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa lugha hiyo ina wasemaji milioni 321 duniani, walio wengi wakiwa Afrika. Tarakimu hiyo hainisumbui sana. Linalonisumbua ni neno “wasemaji”.

Tuanzie Ufaransa kwenyewe. Mwaka 1539 amri ya Villers-Cotterêts ilikiondoa Kilatini katika mahakama na hati rasmi, nafasi yake ikashikwa na Kifaransa. Hata hivyo, mwaka 1794, kasisi na mbunge Grégoire aliliarifu Bunge la Mapinduzi kwamba Wafaransa wasiopungua milioni sita hawakukijua kabisa, na waliokisema kwa ufasaha hawakuzidi milioni tatu. Wananchi walikuwa na Kibretoni, Kibaski, Kioksitania na lugha nyingine zao. Shule ndiyo iliyowageuza, hasa baada ya sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882. Huko Bretagne mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alivishwa kitu shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Kibao hicho mnakijua.

Shule hiyohiyo ndiyo iliyoletwa Kongo. Katiba ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Mtoto wa Bukavu hucheza, hugombezwa na hubembelezwa kwa Kiswahili, kisha hupimwa akili kwa Kifaransa. Aweza kuisoma aya kwa matamshi safi asiweze kuisimulia. Na kwa kuwa makadirio ya Afrika hutegemea sana takwimu za elimu, mtoto huyo huingia katika zile milioni, ingawa mtihani wake wasema vingine.

Mali, kwa katiba ya 2023, ilikishusha Kifaransa kiwe lugha ya kazi na kuzipandisha lugha 13 za taifa ziwe rasmi. Naiunga mkono hatua hiyo, ila katiba haiandiki vitabu vya kiada.

Mtafiti atakayekwenda Bukavu, namwomba asimwulize mtoto kama anajua Kifaransa. Ampe hesabu ya sehemu, kisha amwache aieleze kwa lugha aitakayo.