Saa Moja, Mlango Mmoja: Mji wa Bandari na Wageni wa Meli

Mazungumzo kwa wakazi wa wadi zinazopakana na Bandari ya Malindi



Mwezi wa Julai mwaka 2024, wakazi wa mji wa Fira, katika kisiwa cha Santorini nchini Ugiriki, walisoma katika mtandao wa kijamii tangazo la kiongozi wa serikali yao ya mtaa. Meli za kitalii zilitarajiwa kuleta wageni wapatao 17,000 siku hiyo, na wenyeji waliombwa wapunguze kutembea kadiri wawezavyo. Tangazo lilifutwa baada ya watu kulalamika, lakini lilikuwa limekwisha kusomwa dunia nzima. Sensa ya Ugiriki ya mwaka 2021 ilihesabu katika manispaa ya kisiwa hicho wakazi kama 15,500. Kwa hiyo wageni wa meli peke yao walitarajiwa kuwazidi wenye mji kwa idadi, na wenye mji ndio walioambiwa wakae ndani.

Si haki kumlaumu sana aliyeliandika. Alikuwa na siku moja mbele yake na hakuwa na kitu kingine cha kufanya nayo. Meli zilikuwa njiani, na ratiba za meli za kitalii hupangwa miaka miwili au zaidi kabla ya safari. Mtu anayekuja kulishughulikia jambo asubuhi ya siku yenyewe hana chombo mkononi isipokuwa kuwaomba jirani zake wasitoke. Swali la kuuliza ni nani alikuwa amekaa na ratiba ile miaka miwili nyuma, na kama alijua mlango wa Fira una upana gani.

Mlango huo unastahili kuelezwa. Santorini ni mabaki ya mlima wa volkeno uliobomoka, na bahari imejaa katikati ya shimo lake. Maji ya humo yana kina kirefu mno kwa meli kubwa kutia nanga kwa namna ya kawaida, wala hakuna gati la kuzifunga. Meli husimama mbali kidogo, na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Wengine hupelekwa bandari ya Athinios, ambako mabasi huwangojea. Wengi hupelekwa bandari ya zamani, chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu ya jabali hilo, zaidi ya mita 200 kutoka baharini. Ukifika pale chini, njia za kupanda ni tatu tu. Ya kwanza ni ngazi zipatazo 600. Ya pili ni ngazi hizohizo, ila umepanda punda. Ya tatu ni vibanda vinavyoning'inia katika nyaya, vilivyotolewa na wakfu wa familia moja ya kisiwani, na kila safari hubeba watu 36.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tuseme vibanda hivyo hupanda mara ishirini kwa saa bila kupumzika. Hao ni watu 720. Wageni 17,000 wakitaka wote kupanda kwa njia hiyo, watahitaji karibu saa ishirini na nne, na meli huondoka jioni. Ndiyo sababu foleni ya juu, ya wanaotaka kurudi melini, huzunguka vichochoro vya Fira na kuziba milango ya maduka na nyumba za watu. Na ndiyo sababu wengine hushika ngazi wakakutana na punda wanaoshuka. Punda nao wametungiwa sheria. Tangu mwaka 2018 Ugiriki imekataza kumbebesha mnyama huyo mzigo unaozidi kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wake, na mtalii mnene huhesabiwa kuwa mzigo.

Kuanzia msimu wa mwaka 2025, kisiwa kimeweka kikomo cha wageni 8,000 wa meli kwa siku. Ni hatua kubwa. Lakini rudi kwenye hesabu ileile. Wageni 8,000 kwa vibanda vya watu 720 kwa saa ni zaidi ya saa kumi na moja. Wakija wote asubuhi moja, kikomo kitakuwa kimetimizwa kwenye karatasi na foleni itakuwa palepale. Namba ya siku haitoshi bila namba ya saa. Ndiyo maana mgao wa nafasi za meli kisiwani humo huangalia pia muda wa kufika na wa kuondoka. Kosa ambalo miji mingi ya bandari hulirudia ni hili la kuhesabu wageni kwa mwaka, wakati mji haulemewi na mwaka. Hulemewa na saa moja katika mlango mmoja.

Kuhusu tozo, maelezo mafupi yanatosha. Tangu Julai 2025 kila abiria wa meli anayeshuka Santorini au Mykonos katika miezi ya kiangazi hutozwa euro 20, na sheria imeagiza sehemu ya fedha irudi kwenye manispaa husika. Wapo waliotumaini kwamba tozo itapunguza watu. Ni vigumu kuamini hivyo. Aliyekwisha kulipa maelfu kwa safari ya meli hatabaki chumbani kwa ajili ya euro 20. Tozo hulipa wafagiaji, mabomba ya maji na vyoo, na hiyo ni sababu njema ya kutoza, mradi isiitwe dawa ya msongamano.

Visiwa vingine vimekwenda njia nyingine. Palma, katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, tangu mwaka 2022 imekubaliana na makampuni ya meli kwamba zisifike zaidi ya meli tatu kwa siku, na kati yake iwe moja tu ya zile kubwa zinazobeba zaidi ya watu 5,000. Hapo serikali na wenye meli walikaa meza moja. Bar Harbor, mji mdogo wa watu kama 5,000 katika kisiwa cha Mount Desert, jimbo la Maine nchini Marekani, mambo yalianzia kwa wakazi. Novemba 2022 walipiga kura wageni wanaoshuka kutoka melini wasizidi 1,000 kwa siku, na kwa kila anayezidi faini isipungue dola 100. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani. Jaji wa shirikisho aliikubali sehemu kubwa ya sheria hiyo mwaka 2024, na Novemba ya mwaka huohuo wapiga kura waliulizwa tena kama wanataka kuibadilisha. Walikataa kwa tofauti ndogo sana. Tofauti hiyo ndogo nayo ni habari. Katika nyumba moja huenda baba anauza kofia kwa wageni na mama hawezi kuvuka barabara kwenda sokoni, na wote wawili wana haki ya kusema.

Sasa Malindi. Hakuna sababu ya kujifananisha na Santorini kwa idadi. Meli za kitalii zinazofika Unguja ni chache, na nyingi huja katika miezi ya kaskazi. Lakini bandari hii ina jambo ambalo Fira haina. Mlango wake mmoja hutumiwa na kila mtu. Hapohapo hushuka abiria wa boti za Dar es Salaam na za Pemba, hapohapo hutoka malori ya mizigo, hamali na magari yao ya mkono, na wanaokuja kupokea jamaa zao wakiwa na watoto na vikapu. Kila mkazi anaijua hali ya hapo siku mbili kabla ya Idi. Meli ya kitalii ikifika siku kama hiyo, wageni wake hawaingii katika mji mtupu. Wanaongezwa juu ya mji uliokwisha kujaa.

Nyuma ya bandari ni Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na vichochoro vyake havikupanuliwa kwa ajili ya magari. Vipo ambavyo watu wawili hupishana kwa kutega mabega. Kundi la wageni arubaini wanaomsikiliza mtembezaji mbele ya mlango wa nakshi huziba kichochoro kizima, na hawajui kama wameziba, kwa sababu wote wameangalia juu. Nyuma yao amesimama mwenye gari la barafu, kijana wa pikipiki, watoto wanaotoka skuli. Hao wanaweza kungoja.

Asiyeweza kungoja ni mgonjwa. Katika sehemu kubwa ya mji huu gari la wagonjwa haliwezi kufika mlangoni. Mgonjwa hubebwa kwa mikono mpaka barabarani, na njia ya kumfikisha huko ni hiyohiyo ya wageni. Na asiyepaswa kungojeshwa ni maiti. Jeneza linapotoka nyumbani kwenda msikitini hupita kwa haraka, mabega yakipokezana, na wenye maduka husimama. Mgeni hajui. Anaona watu wengi wanakuja mbio, anainua simu kupiga picha, na kundi lake linabana ukutani au, vibaya zaidi, linabaki katikati. Hakuna ubaya moyoni mwake, na hakuna aliyemwambia. Kupima kama mji unaiweza meli, kwa hiyo, kusianzie kwenye mauzo ya siku. Kuanzie hapa, kama jeneza limepita bila kusimama.

Hata mauzo yenyewe hayafuati wingi kama wengi wanavyodhani. Mgeni wa meli amelala melini, amekunywa chai melini, na chakula chake cha mchana kimelipiwa huko. Ana saa chache tu za kutembea. Akizitumia katika msongamano, huku papasi watatu wakimvuta mkono, atarudi bandarini na pesa yake mfukoni. Muuza kanga mwenye duka la upana wa hatua tatu hawezi kuhudumia watu sitini kwa nusu saa, lakini anaweza kuwahudumia kwa saa nne.

Kwa hiyo la kwanza kuombwa ni saa. Safari za wageni hao zinafahamika. Baadhi hupelekwa mashamba ya viungo, baadhi Changuu, na waliobaki hutembezwa mjini. Nusu wakipelekwa shamba asubuhi na nusu mchana, mji hupokea nusu ya watu kwa wakati mmoja bila mgeni hata mmoja kukataliwa. Jambo hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji ratiba ya meli ifike mapema kwa wanaohusika, na hao ni wengi. Ratiba iko kwa Shirika la Bandari, leseni za watembezaji ziko kwa Kamisheni ya Utalii, majengo yako chini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, na ufagio uko kwa Baraza. Baraza haliiti meli wala haliikatazi, lakini asubuhi ya pili ndilo linaloulizwa kwa nini mapipa ya Forodhani yamefurika.

La pili ni ukubwa wa makundi na mahali pa kusimama. Mtembezaji mwenye watu kumi na watano anaweza kuwaweka upande mmoja wa njia. Mwenye arubaini hawezi hata akitaka. Na maelezo marefu yatolewe penye uwazi, Forodhani au mbele ya Ngome Kongwe, kichochoroni wageni wapite tu. La vyoo halihitaji hotuba. Wageni elfu moja wakikosa choo watakitafuta hotelini au ukutani, na wakazi wa mitaa ya karibu na bandari hawahitaji kuelezwa ni upi kati ya hivyo viwili uko karibu zaidi.

La tatu wanaweza kulifanya wakazi peke yao, kwa sababu hakuna ofisi inayolijua kama wao. Kila mtaa una njia yake ya kutolea wagonjwa na njia yake ya kupitishia majeneza. Wazee wanazijua, na haziko katika ramani yoyote anayopewa mtalii. Zikiandikwa, watembezaji wanaweza kuombwa waziache wazi siku ya meli, na madereva wa magari ya wageni wasiegeshe mwisho wake. Karatasi yenye jina la mtaa, nyumba inapoanzia njia na mahali inapotokea barabarani inatosha. Ipelekwe kwa sheha, na sheha aifikishe kwa diwani wa wadi kabla kaskazi haijaanza kuvuma.