Undugu Uliovuka Mpaka: Jinsi Wasami Walivyojenga Umoja Wao Kuanzia Chini

(Hotuba kwa washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)

   

Makanisa ya Kilutheri ya Norwei, Uswidi na Ufini si wageni masikioni mwa Walutheri wa Tanzania. Wamisionari wao walihubiri Injili, walijenga shule na hospitali, na mmoja wao, Bengt Sundkler wa Uswidi, alikuwa Askofu huko Bukoba kabla ya Josiah Kibira kushika wadhifa huo mwaka 1964. Hata hivyo, wengi waliowapokea wamisionari hao hawakupata kusikia habari za watu walioishi katika nchi hizo hizo tangu kale, wenye lugha yao, nyimbo zao na mavazi yao, ambao mipaka ya mataifa ilipita katikati yao. Watu hao ni Wasami. Habari zao zinastahili kusimuliwa siku kama hii, kwa kuwa zinaonyesha jinsi watu wachache, wasio na jeshi wala hazina, wanavyoweza kujenga umoja wa kudumu; na pia kwa kuwa Kanisa lilihusika, kwa mema na kwa mabaya.

1. Nchi moja, dola nne

Wasami huiita nchi yao Sápmi. Inaenea kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini hadi rasi ya Kola nchini Urusi. Baadhi yao ni wavuvi wa pwani na wa mito, wengine ni wakulima, na wengine hufuga wanyama wa jamii ya ayala wanaostahimili theluji. Ayala hao hula ukoka wa milimani na pwani wakati wa kiangazi, na kurudi kwenye misitu ya bara wakati wa baridi kali. Mfugaji huwafuata. Wanyama hawa hawajui habari za wafalme, wala hawaulizi ni nchi ya nani wanapoyafuata malisho.

Mwaka 1751 Uswidi na ufalme wa pamoja wa Denmark na Norwei ziliweka mpaka kati yao kwa mkataba uliotiwa saini Strömstad. Waliouandika walitambua kwamba mpaka huo ungeweza kuwaangamiza Wasami. Kwa hiyo waliongeza hati maalumu iliyowapa wafugaji haki ya kuvuka na mifugo yao, kutumia malisho ya upande wa pili, na kutohesabiwa kuwa maadui vita vikitokea kati ya falme hizo.

Hati hiyo haikuwalinda kwa muda mrefu. Mwaka 1852 mpaka kati ya Norwei na Ufini, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, ulifungwa kwa mifugo. Mwaka 1889 ukafungwa ule wa Ufini na Uswidi. Norwei na Uswidi zilipotengana mwaka 1905, neno la malisho likawa neno la mataifa mawili kuvutana, na mkataba wao wa mwaka 1919 ulipunguza idadi ya mifugo iliyoruhusiwa kuvuka. Familia nyingi za eneo la Karesuando, kaskazini mwa Uswidi, zilihamishwa kusini kwa amri ya wakuu. Ziliacha makaburi ya wazee wao, zikaingia katika malisho ya Wasami wengine waliosema lahaja tofauti, na chuki ikazaliwa kati ya ndugu na ndugu. Mpaka ulioanza kama mstari kwenye ramani ukafika hadi ndani ya nyumba za watu.

2. Kanisa lilivyojenga na lilivyobomoa

Mchungaji Lars Levi Laestadius, aliyezaliwa mwaka 1800 na mama mwenye asili ya Kisami, alihudumu Karesuando tangu mwaka 1826. Uamsho ulioanza chini ya mahubiri yake katika miaka ya 1840 ulivuka mipaka upesi kuliko sheria yoyote. Watu waliokuwa watumwa wa pombe waliiacha. Kisami na Kifini vilisikika katika mahubiri, na waumini wa nchi mbalimbali wakajitambua kuwa jamaa moja.

Lakini mwaka 1852, huko Kautokeino nchini Norwei, kundi la Wasami waliowaka kwa uamsho huo, na waliochoshwa na dhuluma na biashara ya pombe, lilifanya ghasia. Watu wawili waliuawa na ghasia hizo, na mwaka 1854 viongozi wawili walikatwa vichwa. Kijana mmoja, Lars Hætta, alihukumiwa kifo kisha akabadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani alishiriki kutafsiri Maandiko kwa Kisami cha Kaskazini. Biblia nzima katika lugha hiyo ilichapishwa mwaka 1895, na ndani yake imo kazi ya mikono ya mfungwa.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Norwei ilikuwa imeamua kwamba watoto wa Kisami wafundishwe kuwa Wanorwei. Agizo la mwaka 1898 liliibana lugha yao shuleni, na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilimtaka mnunuzi wa ardhi ya serikali huko Finnmark ajue Kinorwei. Hapa pana jambo la kutafakari kwa uchungu. Wamisionari wa Norwei walikuwa wakijifunza Kizulu na Kimalagasi ili Injili isikike kwa lugha ya mama, huku nyumbani kwao mtoto wa Kisami akifundishwa kuionea haya lugha ya mama yake. Nchini Uswidi nako, mara baada ya sheria ya mwaka 1913, watoto wa wafugaji walitengwa katika shule za wahamaji, zenye elimu duni na chini ya usimamizi wa watu wa Kanisa. Wachungaji wengine waliwasaidia wataalamu waliokuja kupima mafuvu ya Wasami ili kuthibitisha kwamba wao ni watu wa chini.

3. Mkunga aliyeita mkutano

Umoja wa Wasami haukuanzia ikulu. Mmoja wa waanzilishi wake ni Elsa Laula, aliyezaliwa upande wa Uswidi mwaka 1877 na kusomea ukunga Stockholm. Mwaka 1904 alichapisha kijitabu kilichouliza iwapo watu wake walikuwa wakielekea uzima au kifo, na mwaka huo huo alishiriki kuunda chama cha kwanza cha Wasami. Aliolewa na mfugaji, Thomas Renberg, akahamia upande wa Norwei, na huko mwaka 1910 akaanzisha chama cha wanawake wa Kisami. Kwa maisha yake mwenyewe alikuwa ameonja pande zote mbili za mpaka.

Tarehe 6 Februari 1917, katika kanisa la Wamethodisti mjini Trondheim, ulifunguliwa mkutano mkuu wa kwanza uliowakutanisha Wasami wa Norwei na wa Uswidi. Walihudhuria zaidi ya watu 100, na wanawake walikuwa na sehemu kubwa katika kuuandaa. Walizungumza juu ya sheria za ufugaji, shule, na namna ya kujipanga. Hawakudai dola mpya. Walitaka malisho, elimu kwa watoto wao, na haki ya kusikilizwa wanapoamuliwa mambo yao. Elsa Laula Renberg aliaga dunia mwaka 1931 kwa kifua kikuu, na vyama vingi vya wakati huo vilikuwa tayari vimedhoofika. Aliyepanda hakuona mavuno.

4. Mambo madogo yaliyobeba umoja

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ilianza upya. Mchungaji Gustav Park, Msami wa Uswidi, alikuwa miongoni mwa viongozi wa shirikisho la kitaifa lililoundwa mwaka 1950, naye alilihariri gazeti la Wasami kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Wasami wa Norwei, Uswidi na Ufini walikutana Jokkmokk, na mwaka 1956, huko Karasjok, wakaunda Baraza lao la pamoja. Wasami wa Urusi walijiunga mwaka 1992, baada ya kuanguka kwa Muungano wa Kisovyeti.

Nguvu ya umoja huo ilikaa katika mambo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyashika mkononi.

Kwanza, maandishi. Kwa muda mrefu Kisami cha Kaskazini kiliandikwa kwa namna tofauti katika kila nchi, hata kitabu cha upande mmoja kilimsumbua msomaji wa upande mwingine. Mwaka 1979 walianza kutumia tahajia moja. Kazi hiyo ilikuwa ya walimu na wataalamu wa lugha, isiyo na shangwe, lakini tangu hapo mtoto wa Ufini angeweza kusoma kitabu kilichochapishwa Norwei.

Pili, alama. Mwaka 1986 mkutano wao ulikubali bendera moja, iliyobuniwa na Astrid Båhl, yenye duara la jua na mwezi. Ulikubali pia kuwa wimbo wa taifa lao utakuwa shairi la mwalimu Isak Saba la mwaka 1906. Mwaka 1992 walikubaliana kwamba tarehe 6 Februari, siku ya mkutano wa Trondheim, iwe sikukuu ya Wasami wote. Bendera ni moja, ingawa pasipoti ni nne.

Tatu, jaribu lililowakusanya. Serikali ya Norwei ilipopanga kujenga bwawa la umeme katika mto Alta, vijana wa Kisami waligoma kula mbele ya Bunge mjini Oslo, Oktoba 1979. Januari 1981 mamia ya polisi waliwaondoa waandamanaji waliojifunga minyororo katika njia ya ujenzi. Bwawa lilijengwa, likakamilika mwaka 1987. Lakini taifa halikuweza tena kusema kwamba halijui. Mwaka 1988 Katiba ya Norwei iliongezwa kifungu cha kulinda lugha, utamaduni na maisha ya Wasami. Tarehe 9 Oktoba 1989 Mfalme Olav wa Tano alilifungua Bunge la Wasami, na mwaka 1990 Norwei ikawa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba Namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu watu wa asili. Uswidi ilipata Bunge la Wasami mwaka 1993, na Ufini, iliyokuwa na baraza la kuchaguliwa tangu mwaka 1973, ikapata Bunge lake mwaka 1996.

Msikilizaji na aangalie mpangilio huo. Chama cha wanawake kilitangulia, ukaja mkutano, likafuata gazeti, halafu tahajia na bendera. Bunge lilikuja mwisho, nalo liliwakuta watu ambao tayari walijijua kuwa ni wamoja.

5. Toba, na deni lililobaki

Mwaka 1997 Sinodi Kuu ya Kanisa la Norwei ilikiri sehemu ya Kanisa katika kuwafanya Wasami waache kuwa Wasami, na mwaka huo huo Mfalme Harald aliomba msamaha kwa niaba ya dola. Kanisa la Uswidi lilichunguza kwanza kumbukumbu zake na kuchapisha matokeo. Kisha Askofu Mkuu Antje Jackelén aliomba msamaha katika Kanisa Kuu la Uppsala, tarehe 24 Novemba 2021, na tena Luleå mwezi Oktoba 2022. Mwaka 2019 ilitoka tafsiri mpya ya Biblia nzima katika Kisami cha Kaskazini, kwa ushirikiano wa vyama vya Biblia vya nchi tatu. Kazi ambayo Hætta aliianza gerezani ilikabidhiwa sasa kwa heshima, bila kujali mpaka.

Lakini msamaha ukiombwa, malisho hayarudi yenyewe. Mahakama Kuu ya Norwei iliamua mwezi Oktoba 2021 kwamba leseni za mitambo ya upepo huko Fosen zilivunja haki za wafugaji wa Kisami. Mitambo iliendelea kuzunguka, na makubaliano ya mwisho na wafugaji yalipatikana Machi 2024 tu. Mwezi Aprili 2022, kwa sababu ya vita ya Urusi nchini Ukraine, Baraza la Wasami lilisimamisha ushirikiano na upande wa Urusi, na mpaka uliofunguka mwaka 1992 ukawa mzito tena. Tume ya ukweli ya Norwei ilitoa taarifa yake Juni 2023, na tarehe 12 Novemba 2024 Bunge la Norwei likaomba radhi. Wapo wazee waliosikia maneno hayo wakiwa hawawezi kuyapokea kwa Kisami, kwa kuwa lugha hiyo walinyang'anywa wakiwa watoto.

Wapendwa, usharika unaotimiza miaka 100 unajua kwamba majengo hutokana na watu waliokutana kwanza chini ya mti. Unajua pia kwamba historia inayoandikwa kwa kuacha maumivu ya baadhi ya wanawe haijakamilika. Wasami walisubiri tangu mwaka 1917 hadi mwaka 1989 kabla ya Bunge lao la Norwei kufunguliwa: miaka 72. Waliokutana Trondheim wengi wao walikuwa wamekwisha kulala mauti. Walichoacha ni desturi ya kukutana, na watoto waliojua ni akina nani waliokuwa ndugu zao ng'ambo ya mpaka.

Mungu awabariki Wasami katika nchi zote nne, aliponye Kanisa lake mahali lilipojeruhi, na aubariki Usharika huu katika karne yake ya pili. Amina.