Dirisha la Danieli

Somo letu la asubuhi hii linatoka katika Kitabu cha Danieli, mlango wa 6. Danieli alijua ya kuwa amri ya mfalme imekwisha kutiwa sahihi, na kwamba atakayemwomba Mungu atatupwa katika tundu la simba. Hata hivyo aliingia nyumbani mwake, madirisha yakiwa wazi, akapiga magoti kama ilivyokuwa desturi yake.

Sisi wa Embu na Meru hatuwezi kusoma habari hii bila kumkumbuka David Gitari, aliyefanywa Askofu wa Mlima Kenya Mashariki mwaka wa 1975, akafariki mwaka wa 2013. Mwaka wa 1987 alihubiri juu ya mlango huo huo kule Nyeri. Aliupinga pia uchaguzi wa mlolongo, ambao watu walipanga foleni nyuma ya wagombea mbele ya macho ya wote. Kwa maneno yake alipata maadui. Usiku mmoja wa Aprili 1989 watu waliivamia nyumba yake Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akapiga nduru. Majirani wakaja, na wavamizi wakakimbia.

Danieli hakuahidiwa kwamba simba watafumba vinywa. Askofu naye hakujua kama majirani wangeamka. Mtu humtumaini Mungu kabla hajaujua mwisho wa mambo.

Na sisi je? Twaweza kuwa katika halmashauri ya kiwanda cha kahawa, tukaletewa hesabu za uongo tuzitie sahihi. Tukikataa, twaweza kukosa kiti, marafiki, hata karo ya mtoto. Au ukoo umeketi kugawa shamba, na mjane hana wa kumsemea. Tukimsemea, ndugu zetu watatununia. Hapo ndipo dirisha huwa zito kufungua.

Tusidanganyane: wako waliotii wakapoteza, wala hawakurudishiwa hapa duniani. Bwana wetu mwenyewe hakuepushwa na msalaba. Lakini Baba hakumwacha kaburini.

Tena, tukisikia nduru ya jirani anayeteswa kwa ajili ya haki, tusijifunike blanketi. Huenda sisi ndio jibu la maombi yake.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kufungua dirisha leo, na miguu ya kumkimbilia jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.