Kiatu Kisichojaribiwa

Duka la Zappos lilipoanza kuuza viatu kwa intaneti kule Marekani mwaka 1999, wengi walistaajabu, kwani ni nani akubaliye kununua kiatu asichopata kukitia mguuni? Jawabu la wenye duka, jepesi kulitamka na ghali kulitimiza, lilifikia hadi kumpa mnunuzi muhula wa siku 365 wa kurudisha kiatu kisichomridhisha, gharama ikiwa juu ya muuzaji. Lakini ihsani hiyo, nionavyo mimi, isingefaa kitu lau mzigo wenyewe haukufika. Na hapo awali sehemu ya viatu ilikuwa ikipelekwa moja kwa moja na watengenezaji, ambao hesabu zao hazikuaminika, hata mteja akauziwa jozi isiyokuwamo ghalani. Mwaka 2003 biashara ya namna hiyo, ijapokuwa ilileta takriban robo ya mauzo, iliachwa kwa makusudi, mizigo yote ikatoka katika bohari ya Zappos yenyewe huko Kentucky, karibu na kituo kikuu cha ndege za kampuni ya usafirishaji ya UPS mjini Louisville. Wahudumu wa simu, nao, hawakuwekewa mpaka wa dakika za kuzungumza na mteja. Mwaka 2009 Amazon, isiyosifika kwa kutapanya mali, ikalinunua duka hilo.