KULALA MOMBASA KWA FEDHA KIDOGO



Nimeombwa niseme nanyi jioni ya leo juu ya safari ya Mombasa. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za mji huo: ile Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, bandari ya Kilindini, na bahari yenyewe. Hayo sitayasema, kwa kuwa kila mwenye macho atajionea. Nataka kusema juu ya jambo ambalo mtu halifikiri mpaka jua limekuchwa, naye amesimama barabarani na mzigo wake mkononi. Atalala wapi?

Si wote waendao Mombasa huenda kutembea. Mmoja ampeleka mgonjwa hospitali. Mwingine aenda bandarini kutafuta kazi, au kuchukua gari lililoshushwa melini. Mama aenda kununua kanga Mtaa wa Biashara ili azirudishe kwao auze. Watu wa namna hii hawana fedha za kulala katika majumba makubwa ya ufukweni, wala si kila mtu ana jamaa huko wa kumpokea. Hao hulala katika nyumba ndogo za wageni, ambazo watu wa pwani huziita gesti, na sisi wa bara twaziita lojingi. Kulala humo si aibu hata kidogo. Lakini iko namna ya kulala humo, na mimi niliijua kwa gharama kubwa.

Kabla sijaendelea, niwaonye juu ya neno moja. Katika nchi yetu, kibao kikiandikwa "Hoteli", mara nyingi ndani mna chai, maandazi na nyama, wala hamna kitanda. Nilipata kumwona mzee mmoja akinywa chai vikombe vitatu, huku akingojea aonyeshwe chumba chake.

Basi, sikilizeni. Mwaka 1979 ndugu yangu mdogo alikuwa amelazwa Mombasa, akingojea kupasuliwa mguu. Baba aliuza ng'ombe wawili, akanikabidhi shilingi 1,400 katika bahasha, akaniambia nifike upesi. Basi letu liliharibika njiani, tukafika mjini saa tano ya usiku. Nilipokanyaga chini tu, kijana mmoja alinyakua mfuko wangu, akasema anajua nyumba nzuri, rahisi, iliyo karibu. Nikamfuata. Sikujua ya kwamba vijana wa namna ile hupewa chao na mwenye nyumba, na chao hicho hulipwa na mgeni bila kujua.

Karani alikuwa nyuma ya dirisha la waya. Akasema, "Lipa kwanza, chumba utakiona baadaye." Nilikuwa nimechoka, nikalipa. Chumba hakikuwa na dirisha ila tundu juu ya ukuta. Mlango ulikuwa na komeo la ndani tu, kitasa kilikuwa kimevunjika. Chandarua hakikuwapo. Nikaweka bahasha chini ya godoro, nikalala juu yake, nikajiona mwerevu.

Alfajiri nilikwenda kuoga mwisho wa ujia. Bomba lilikuwa kavu, tukapanga mstari penye pipa, kila mtu na ndoo yake. Niliporudi, godoro lilikuwa mahali pake, lakini bahasha haikuwapo.

Nilimwendea karani nikipiga kelele. Yeye hakukasirika. Aliniuliza neno moja tu: "Bwana, fedha hizo uliniwekesha mimi?" Nikajibu la. Ndipo akaninyoshea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo nilikuwa nimeipita usiku bila kuisoma. Ilisema ya kwamba mgeni mwenye kitu cha thamani na amkabidhi karani, la sivyo nyumba haihusiki. Polisi waliandika maneno yangu, na fedha hazikuonekana hata leo.

Ndugu yangu alingoja siku tisa zaidi, mpaka baba alipouza ng'ombe mwingine na kukopa kwa jirani. Alipasuliwa, akapona, lakini mguu haukunyoka sawasawa. Daktari hakusema ya kwamba ni kwa sababu ya siku zile tisa, nami sikumwuliza.

Katika siku hizo tisa nililala kwingine. Muuza kahawa mmoja, aliponiona nimeshika tama kando ya barabara, alinielekeza kwa mama mmoja mzee aliyekuwa na vyumba vinne vya kupangisha wageni, karibu na Mji wa Kale. Nilikuwa na shilingi chache zilizobaki katika mfuko wa shati. Nikabisha hodi, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba. Nikaanza kuzitoa zile shilingi. Akanikataza, "Ziweke fedha zako, mwanangu. Ingia kwanza ukione chumba. Ukikipenda, ndipo tuseme." Yule mama hakujua kusoma, lakini yote nitakayowaambia sasa, asili yake ni kwake.

Alinionyesha mlango kwanza. Alifunga, akafungua, akanipa ufunguo nijaribu mwenyewe, kwa nje na kwa ndani. Tangu siku ile sisafiri bila kufuli yangu ndogo, maana nyumba nyingi zina pete za kufuli hata pale kitasa kilipokufa. Kisha aliinua pembe ya godoro, akanionyesha mishono. Kunguni hujificha humo, nao huacha madoadoa meusi kama wino uliodondoka. Ukiyaona madoadoa hayo, shukuru, uage, uende nyumba ya pili. Usiogope kuwa umemsumbua mtu. Kuona chumba si deni.

Kisha maji. Hili nataka kulisema kwa urefu, kwa sababu sisi wa bara tukiona mfereji wa shaba unang'aa, twadhani maji yamo. Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji yasiyonyweka. Hata yule msafiri Ibn Battuta, aliyepita huko mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu, hakusahau kuandika juu ya visima vilivyokuwa karibu na misikiti, na vyombo vya mti vya kuchotea. Bomba kubwa litokalo chemchemi za Mzima, kule Tsavo, lilikamilika mwaka 1957, nalo lina urefu wa kilomita 220 hivi. Ni kazi kubwa. Lakini watu wamezidi: hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, na maji hayawatoshi. Kwa hiyo hugawiwa kwa zamu, na mtaani utaona mikokoteni ikivuta madumu ya kuuza.

Basi, ukiwa katika chumba, usiulize, "Maji yapo?" Kila karani atajibu yapo. Fungua bomba mwenyewe. Likiwa kavu, uliza yatoka siku gani, na pipa li wapi, na ndoo moja ni bure au ni ya kulipa. Uliza tena kama ni maji ya bomba au ya kisima. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na ukiyapikia chai utaitema. Kuogea yafaa, bali ya kunywa nunua yaliyo safi au yachemshe.

Na palipo na pipa, pana jambo jingine. Yuko mbu wa malaria, aumaye usiku. Huyo mwamjua. Lakini yuko na mbu mwingine, mwenye mabaka meupe miguuni, azaliwaye katika maji safi yaliyowekwa nyumbani: katika pipa lisilofunikwa, katika mtungi, katika kopo la maua. Yeye huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya jua kuchwa. Ndiye aletaye homa ya dengue, ambayo ndugu zetu wa Tanzania waiita kidingapopo, na homa hiyo iliwashika watu wengi Mombasa katika mwaka 2013 na mwaka uliofuata. Kichwa huuma, macho huuma kwa nyuma, na viungo vyote huwa kama vimepigwa rungu. Mtu akiwa na dalili hizo asimeze aspirini, kwa kuwa yaweza kuzidisha kutokwa na damu. Na aende kwa mganga hospitali. Yule mama alifunika mapipa yake kwa ubao na kitambaa, akayasugua ndani kila juma. Sidhani aliijua dengue kwa jina, lakini wadudu wale aliwachukia.

Chandarua basi ni sharti. Kitazame kama kina matundu. Kikiwa na tundu moja, lifunge kwa uzi, na ukichomekee chini ya godoro pande zote. Feni husaidia, lakini umeme ukikatika feni husimama, na mbu hasimami. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, joto la mchana hupita digrii 30 na usiku haupoi sana. Hapo chumba chenye dirisha upande wa upepo ni bora kuliko chumba kipya kisicho na dirisha. Wakati wa kusi, Juni na Julai, hata chumba cha kawaida hulalika.

Sasa nawaambia hasa ninyi mliozaliwa hapa kwetu milimani penye baridi. Damu zetu hazikuzoea malaria kama za watu wa pwani. Na malaria haikushiki siku ile uliyoumwa: huenda ukarudi nyumbani mzima, ukalima juma zima au majuma mawili, ndipo homa ikaja. Watu wakasema ni mafua. Ukipata homa baada ya safari, mwambie daktari wazi ya kwamba ulikuwa Mombasa, ili apime damu upesi. Kuna watu waliokufa hapa hapa kwa kutosema neno hilo moja.

Juu ya bei sitasema mengi, maana haikai mahali pamoja. Hupanda Desemba na wakati wa shule kufungwa, na ukikaa siku nyingi hupunguzwa ukiomba kwa adabu. Lakini karani akikuuliza, "Chumba ni cha saa ngapi?" badala ya siku ngapi, elewa umeingia nyumba ya namna gani. Watu wataingia na kutoka usiku kucha, na mizigo yako haitakuwa salama. Mimi huaga papo hapo.

Karani ataomba kitambulisho ili aandike jina na namba yako kitabuni. Mpe, aandike, akurudishie. Asikiweke mpaka utoke. Fedha nazo siku hizi mambo ni mepesi kuliko yalivyokuwa kwangu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu hana haja ya kubeba thamani ya ng'ombe wawili ndani ya bahasha. Ziache katika simu, utoe kidogo kidogo, na namba yako ya siri usimwambie mtu hata akijiita karani mkuu. Ukilipia chumba kwa simu, ule ujumbe ni ushahidi wako, usiufute. Ukilipa mkononi, dai stakabadhi. Na ukiwa na kitu cha thamani, mkabidhi mwenye nyumba mbele ya mtu, aandike alichopokea. Hilo ndilo swali la yule karani: "Uliniwekesha mimi?" Lilikuwa swali la haki, ingawa mpaka leo nadhani alijua zilikokwenda.

Kama waweza, fika mchana. Garimoshi jipya, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, halifiki kisiwani bali huishia Miritini, bara, na kutoka hapo yakupasa kupanda gari jingine. Usiku kila nyumba ni nzuri, kwa sababu huioni. Ukilala upande wa Likoni kwa kutafuta bei nafuu, kumbuka kivuko. Mwenda kwa miguu halipi kitu, lakini asubuhi na jioni umati ni mkubwa, na mwenye miadi ya hospitali saa mbili aondoke mapema sana.

Na heshima pia. Ukipanga ndani ya mitaa ya Waislamu, usitoke ujiani umejifunga taulo tu, wala usiingie na pombe. Wakati wa Ramadhani, usile barabarani mchana. Alfajiri utaamshwa na adhana. Nami niliizoea hata nikawa naamka kabla yake, nikimsikia mama akipika mahamri. Alinipa mawili kila asubuhi, na mbaazi kidogo, wala hayakuwa katika bei.

Siku ya kumi baba alifika na fedha. Nilipotaka kulipa deni langu, yule mama alihesabu siku kwa vidole, akatoa siku moja, akasema siku ile nililala hospitali kando ya ndugu yangu, basi kitanda chake hakikutumika. Kisha akaingia chumbani mwenyewe, akatazama chini ya kitanda na nyuma ya mlango, akatoka na shati langu nililolisahau. Nikampa ufunguo.

Sasa mwenye swali na aulize. Na yule kijana anayesafiri Jumatatu na mama yake, aje hapa mbele kabla hajaenda nyumbani. Ninayo kufuli ya kumwazima.