Nepi za Kitambaa: Afya ya Mtoto, Usafi wa Mji na Pamba Yetu

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi na mhudumu wa afya ya mama na mtoto aliyepata kufanya kazi katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wasomaji wote.)



Nimetakiwa nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni nepi ya mtoto. Baadhi ya mababa walioko hapa huenda wakasema hayo ni mambo ya akina mama. Naomba wavumilie, kwa kuwa jambo hili linagusa mfuko wa baba, afya ya mtoto, choo cha nyumba na jaa la mji.

Wilaya ya Kishapu ilianzishwa mwaka 2002 kutokana na kugawanywa kwa Wilaya ya Shinyanga Vijijini. Wengi huisikia kwa ajili ya almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Lakini mwananchi wa kawaida wa Kishapu haishi kwa almasi. Anaishi kwa ng'ombe, mtama, na hasa pamba. Ni nchi kavu, yenye jua kali na mvua za kubahatisha, na pamba huivumilia hali hiyo.

Nilipokuwa huko nilishuhudia jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Msimu wa mauzo ulipofika, mama alibeba pamba yake hadi kituo cha kununulia, akapimiwa, akalipwa. Aliporudi alipita dukani, akanunua pampasi za mtoto. Yaani aliuza pamba, ambayo ndiyo inayofyonza maji na kuipa ngozi hewa, akanunua plastiki itupwayo baada ya saa chache. Simlaumu mama huyo. Aliambiwa kwamba huo ndio usasa, na hapakuwa na mtu wa kumweleza vinginevyo.

Wazee wetu waliifahamu kazi hii kabla ya neno nepi kuingia katika lugha. Walisema mtoto hufungwa winda. Na kitambaa kilichotumika kwa miaka mingi, pamoja na khanga zilizochakaa, ni marekani. Jina hilo lina historia iliyoanzia hapa visiwani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 ubalozi mdogo wa nchi hiyo ukafunguliwa Zanzibar. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nacho kikabebwa na misafara hadi Unyamwezi na nchi za jirani. Hivyo kitambaa kilichofika bara kikitoka kisiwani kiliitwa kwa jina la nchi kilikofumwa. Leo bara ndiko ilimwapo pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nchi za nje kabla ya kufumwa.

Pampasi za kutupa hazina umri mrefu. Zilianza kuuzwa kwa wingi huko Marekani mwaka 1961, pale kampuni ya Procter & Gamble ilipotoa Pampers, jina ambalo sisi tumelifanya kuwa la nepi zote za namna hiyo. Nje yake ni plastiki. Ndani mna nyuzi laini zitokanazo na miti, pamoja na chembechembe za kemikali ambazo zikikutana na mkojo huvimba na kuwa kama utelezi. Hizo ndizo zinazoifanya nepi ionekane kavu hata kama mtoto amekojoa mara tatu. Ni ufundi mkubwa, lakini plastiki hiyo haiozi kama ganda la muhogo. Itadumu muda mrefu kuliko umri wa mtoto aliyeivaa.

Sasa tuangalie mambo manne.

La kwanza ni fedha. Tuseme mtoto anatumia pampasi tano kwa siku, kwa miaka miwili. Hizo ni pampasi 3,650. Kama moja inauzwa shilingi 500, jumla yake ni shilingi 1,825,000 kwa mtoto mmoja. Kila mmoja wetu na aweke bei ya duka la mtaani kwake, kisha aulinganishe mshahara wake na hesabu hiyo. Nepi za kitambaa zipatazo 24, za pamba nzito, pamoja na chupi tatu au nne za mpira za kuvalisha juu, zinatosha kwa mtoto mmoja, na zikitunzwa humfaa mdogo wake pia. Mwenye kipato kidogo anaweza kuanza na khanga kuukuu zilizokatwa na kupindwa pembeni.

La pili ni taka. Pampasi ikitupwa chooni huvimba, na shimo lililokusudiwa kutumika miaka mingi hujaa mapema. Ikitupwa nje, mbwa huitawanya. Ikichomwa, hutoa moshi mbaya na haiteketei yote, kwa kuwa imelowa. Hapa kisiwani hali ni nzito zaidi, kwani ardhi yetu ina mpaka, na kinachozidi huishia baharini. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tumekubali kwenda sokoni na kikapu. Tutafakari pia plastiki tunayomvisha mtoto. Visiwa vyenzetu vya mbali, Vanuatu katika Bahari ya Pasifiki, vilitangaza mwaka 2019 nia ya kuzikataza pampasi za kutupa. Mimi siombi marufuku. Naomba kila nyumba ijipimie.

La tatu ni maradhi. Wako wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Imani hiyo si sahihi. Kinyesi cha mtoto hubeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilivuka hadi Zanzibar, na mapema mwaka 2024 ugonjwa huo uliipata mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwamo Shinyanga. Mama anayetumia kitambaa hulazimika kukikung'uta kinyesi chooni kabla ya kufua. Anayetumia pampasi huikunja na kuitupa na vyote vilivyomo, na kinyesi hicho hubaki jaani, watoto wengine wakichezea karibu. Hata mwenye kutumia pampasi, basi, anatakiwa amwage kinyesi chooni kwanza, kisha anawe mikono kwa sabuni.

La nne ni ngozi ya mtoto. Si kweli kwamba kitambaa peke yake huzuia vipele. Nepi yoyote ikiachwa na mkojo muda mrefu huunguza ngozi. Tofauti ni kwamba kitambaa kikilowa mtoto hulia, na mama hujua. Pampasi huficha, na mtoto hukaa nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kuwa inaonekana bado inafaa, na kwa kuwa imegharimu fedha.

Ndugu zangu, haitakuwa haki nikieleza upande mmoja tu. Kitambaa kinataka maji na kinataka mikono. Kishapu tulilijua hilo vizuri. Kabla ya maji ya bomba, akina mama walichimba mchanga katika mito iliyokauka ili kupata ndoo moja. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, uliozinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya miji ya Kahama na Shinyanga, ulileta nafuu, na baadaye mabomba yakafikishwa sehemu za Kishapu. Mahali ambapo ndoo ya maji bado inafuatwa mbali, si uungwana kumwambia mama afue nepi nane kila siku bila kumsaidia kuyachota. Hapa ndipo ninapowataja akina baba na vijana wa nyumbani. Kuchota maji ya nepi na kuanika nepi si kazi inayomvunjia mwanamume heshima.

Wataalamu wa nchi za nje nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa taarifa iliyoonyesha kwamba, kwa upande wa joto la dunia, nepi za kitambaa na za kutupa zilikaribiana. Sababu ilikuwa ufuaji wa kwao: maji ya moto sana na mashine za kukaushia, ambazo hula umeme mwingi. Taarifa hiyohiyo ilieleza kwamba anayeanika nje, anayefua nyingi kwa pamoja, na anayezitumia tena kwa mtoto wa pili, hupunguza madhara hayo kwa kiasi cha asilimia 40. Sisi jua tunalo, na mkubwa kumrithisha mdogo ni ada yetu ya tangu zamani. Faida wanayoitafuta wenzetu kwa jitihada, sisi tumezaliwa nayo.

Baada ya hayo, nieleze utaratibu wa utunzaji, kwa kuwa nepi ya kitambaa isiyotunzwa huleta madhara yake.

1. Kinyesi kikung'utwe chooni, na nepi isuuzwe mara moja. Iwekwe katika ndoo yenye kifuniko. Ndoo ya maji isiachwe wazi, kwa kuwa mtoto atambaaye anaweza kuzama hata katika maji machache.

2. Nepi zifuliwe kwa sabuni ya kipande au ya unga isiyo kali, peke yake, mbali na nguo nyingine. Zisuuzwe mpaka povu liishe, kwani mabaki ya sabuni huwasha ngozi. Kwa wenye kuchunga tohara, kusuuza kwa maji safi ya kutosha kunatimiza na hilo.

3. Si lazima kuchemsha kila siku. Kule Shinyanga, ambako miti ilimalizika hata Serikali ikaanzisha mpango wa HASHI mwaka 1986 wa kuirudisha miti na ngitili, kuni ni hazina. Zichemshwe mtoto anapoharisha au anapokuwa na ukungu wa ngozi. Siku nyingine sabuni na jua vinatosha.

4. Zianikwe juu ya kamba, juani, mpaka zikauke kabisa. Zisitandazwe chini wala kuachwa mbichi kivulini. Yuko nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, na funza wake hupenya ngozi na kufanya jipu. Wakati wa masika, nepi zisizopata jua zipigwe pasi ya moto pande zote mbili.

5. Nepi na nguo za mtoto zisihifadhiwe pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende. Naomba hili mlisikie kwa makini. Vidonge hivyo vina naftalini. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi katika nchi zilizozoea malaria kama zetu. Mtoto wa namna hiyo akivalishwa nguo iliyokaa na vidonge hivyo, chembe zake nyekundu za damu huvunjika, akapata manjano kali inayoweza kuharibu ubongo au kumwua. Madaktari wa Ugiriki waliandika habari za watoto wachanga waliofikwa na hali hiyo tangu mwaka 1963. Mama hununua vidonge kwa kumpenda mwanawe, akitaka nguo zikae safi. Zifungwe katika mfuko wa kitambaa, inatosha. Na mtoto mchanga akionekana wa manjano, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

6. Kwa ndugu zetu walioko machimboni, Geita na kwingineko, nepi zisifuliwe katika madimbwi yanayotumika kuoshea dhahabu. Zebaki haionekani majini na haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo maana mataifa yamefunga Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliutia saini mwaka 2013. Nguo za kazi za mchimbaji nazo zisichanganywe na za mtoto.

Kuhusu pampasi, sisemi zitupiliwe mbali. Safarini, katika boti, usiku wa mgonjwa, au siku ambayo maji hayakutoka, zina msaada wake. Mama mtumishi anayerudi kazini baada ya likizo ya uzazi naye ana udhuru wake, na asisemwe vibaya. Anaweza kutumia pampasi moja ya safari na kitambaa siku nzima nyumbani. Akipunguza kutoka tano hadi moja, amebakisha fedha na amelipunguzia jaa mzigo.

Kwa kumalizia, natoa maombi matatu. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto waonyeshe kwa vitendo jinsi ya kukunja, kufua na kuanika nepi, pamoja na onyo la vidonge vya nondo. Mafundi cherahani na vikundi vya akina mama washone nepi za pamba na kuziuza kwa bei ya wananchi. Na wenye kupanga matumizi ya maji wakumbuke kwamba nyumba yenye mtoto mchanga inahitaji ndoo mbili zaidi kwa siku.

Bibi mmoja wa Kishapu aliniona nikimfundisha binti yake kukunja nepi, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, haya mimi niliyajua. Mlituambia tuyaache." Sikuwa na jibu. Nimeyaleta haya mbele yenu leo ili bibi yule asiwe amesema bure.